Sawa Kumi na Moja

Saa nne na robo asubuhi, Jumatano, simu yangu iliita nikiwa nimesimama dirishani, ofisini kwetu Area D, Dodoma. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja wilayani Kongwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mtaalamu. Mmefika wapi? Watu wako hapa tangu saa moja."

Nikamwambia wenzangu wako njiani, pengine wameshapita Mbande, wavumilie kidogo. Sikuwa nadanganya. Ndivyo nilivyoamini, maana ujumbe nilishautuma tangu jana yake na karibu kila mtu alishaujibu.

Nilipokata simu moyo haukutulia. Nikashuka uani. Gari lilikuwa pale pale chini ya mwarobaini, limeoshwa linang'aa. Dereva wetu alikuwa kivulini na kikombe cha chai ya tangawizi. Stoo ilikuwa na kufuli, mabomba yako ndani.

"Mzee, hatujaondoka?"

Akainuka, akaangalia simu yake, akaniangalia mimi. "Muda bado, bosi. Si ulisema saa tisa?"

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba. Mvua ya kwanza ya maana ilikuwa imenyesha usiku wa Jumatatu, na mtu wa huku kwetu hahitaji kuelezwa siku mbili baada ya mvua hiyo zina thamani gani kwa mwenye shamba. Watu zaidi ya hamsini waliacha kupanda ili waje kwenye msaragambo wa kuchimba mtaro wa bomba la maji, kwa sababu mimi niliwaomba. Waliacha kupanda, wakaja kukaa.

Tulifika saa saba na nusu. Tulimkuta mwenyekiti na wazee wawili chini ya mbuyu, na majembe matatu yameegemezwa kwenye shina. Wengine walikuwa wamesharudi makwao. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Mzee mmoja akainuka, akatupisha kwenye benchi, akatuuliza kama tumekula.

Swali hilo la chakula limenikaa rohoni wiki nane sasa.

## Kila mmoja na sawa yake

Ujumbe wenyewe ni huu, nilivyouandika Jumanne saa tatu na nusu usiku kwenye grupu la WhatsApp la ofisi:

"Habari za jioni wapendwa. Vifaa vya Kongwa viende kesho, gari liondoke 3:00. Asanteni kwa ushirikiano."

Tuko kumi na wawili kwenye grupu hilo. Zilikuja sawa kumi na moja: "sawa" tupu, "sawa bosi", "sawa mama", dole gumba manne, na "tuko pamoja" moja ambayo naihesabu humo humo. Nililala usingizi mzuri.

Wiki zilizofuata nilimfuata kila mmoja kwa wakati wake, bila kikao, nikamwuliza swali moja tu: uliposema sawa, ulikuwa unasema nini?

Mtunza stoo alikuwa anasema ameona. Kwa mazoea yetu fundi ndiye anayekuja kuchukua vifaa na kusaini, kwa hiyo alimsubiri fundi. Fundi alikuwa anasema yuko tayari. Alikaa kwake Ipagala na begi la vyombo vyake mlangoni, akisubiri gari limpitie. Kijana wetu wa takwimu aliniambia kwa ukweli ambao nilimshukuru: aliona wenzake wote wameshajibu, akaogopa kuonekana yeye ndiye hajajibu. Mhasibu alisema, "Mimi nilikuwa nakuaga, ilikuwa usiku." Mwingine alikuwa ameishiwa bando, akausoma ujumbe huo asubuhi ya Jumatano baada ya simu ya mwenyekiti. Sawa yake ndiyo iliyofunga hesabu.

Na dereva, ambaye mimi kwa hasira ya dakika ile uani nilimwona ndiye mkosaji, alikuwa ameusoma ujumbe vizuri kuliko wote.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapotoka. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kila siku macho yetu yanafanya tafsiri hiyo bila sisi kujijua: kioo kinasema 3:00 mchana, kichwa kinasema saa tisa. Barua zetu za Kiswahili zinaandika "saa 3:00 asubuhi", barua pepe za wafadhili zinaandika 3:00 na maana yao ni alasiri, na mtu yule yule anasoma zote mbili kabla ya chakula cha mchana. Dereva wangu alipokea 3:00 kwenye simu, akaitafsiri kama simu inavyotaka itafsiriwe. Niliacha neno moja, "asubuhi". Kosa hilo lilikuwa langu, na nililikubali siku ile ile.

Lakini kama ingekuwa ni neno moja tu, nisingekosa usingizi.

Neno sawa, kwa asili yake, linataka vitu viwili. Fundi seremala akiweka pima maji juu ya ubao akasema "iko sawa", ana maana upande huu unalingana na upande ule. Usiku ule tulikuwa na vichwa kumi na viwili, kila kimoja na Jumatano yake, na hakuna aliyeweka pima maji juu yake. Tuliita ulinganifu kitu ambacho kilikuwa kimya.

## Vifaa havina miguu

Nilipoendelea kuusoma ujumbe wangu, nikaanza kuona kitu kingine ambacho kimekuwa mbele ya macho yangu miaka yote.

Vifaa viende. Gari liondoke.

Nani? Lugha yetu ina adabu hii nzuri ya kuagiza bila kumwagiza mtu. Taarifa iandaliwe. Ukumbi usafishwe. Suala lifanyiwe kazi. Kila anayekaa vikao anazijua sentensi hizi, na pale tunapomtaja mtu tunamtaja kwa jina ambalo halimo kwenye orodha ya wafanyakazi: "wahusika". Nilichukua faili la mihutasari yetu ya mwaka mzima nikakaa nalo jioni moja. Chini ya Yatokanayo kuna suala la kurekebisha mfereji wa maji ya mvua uani. Lilianza Machi. Machi "wahusika walishughulikie". Aprili "utekelezaji unaendelea". Mei "utekelezaji unaendelea". Liliendelea hivyo hadi Novemba, na mfereji haukuguswa hata kwa koleo. Hakuna mtu mvivu katika habari hii. Kila mmoja wetu alikuwa anamwamini mhusika.

Nataka kuitetea adabu hiyo kidogo kabla sijaendelea, kwa sababu naipenda. Dereva wetu ana umri wa kuwa kaka mkubwa wa mama yangu mdogo. Mimi kumwandikia "Ondoka saa tatu" mbele ya wenzetu kumi ni ukali ambao sikulelewa nao. "Gari liondoke" linatusitiri sote wawili: yeye hajaamrishwa na mwanamke mdogo kwake, mimi sijaonekana kumkosea heshima. Sitaki kuitupa sentensi hiyo. Ninachojiuliza ni kwa nini baada ya kuisema hatuongezi nyingine inayomtaja mtu, kwa upole ule ule.

Nina jirani, mama mstaafu, aliyefanya kazi masijala kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Dar es Salaam kisha Dodoma serikali ilipohamia. Nilimsimulia habari hizi tukichambua mchicha. Akaniambia kwao jalada halikuwahi kutoka masijala bila kuandikwa linakwenda kwa nani na tarehe gani. Afisa akiandika dokezo analielekeza kwa cheo fulani, anasaini, anaweka tarehe. Likipotea, unajua lilipotea mkononi mwa nani.

"Sasa nyie kwenye simu," akaniuliza, "mnamwandikia nani?"

Nilitaka kujibu "wote". Sikujibu.

## "Soma juu"

Wiki moja baada ya Kongwa tulikuwa na safari ya Bahi, mimi na dereva peke yetu. Nilikuwa nimeshamwomba radhi. Tulizungumza habari za watoto, za bei ya mahindi, za wageni waliojaa mjini siku zile. Tulipotoka mjini kabisa nikamwuliza lile lililobaki.

"Mzee, ulivyoona 3:00, hukushangaa? Saa tisa tutoke, tufike jioni, tuanze mtaro saa ngapi?"

"Nilishangaa."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema, viongozi mmeshapanga."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Akanyamaza. Tulipita Nala bado amenyamaza, na mimi sikumsukuma. Kisha akasema taratibu, macho barabarani: "Niliwahi kuuliza, bosi."

Hakuongeza neno.

Usiku ule nilikaa na simu nikapandisha grupu hadi nilipoona. Agosti. Nilikuwa nimetuma maelekezo ya safari ya Mpwapwa, na yeye akaandika: "Bosi naomba kujua, ni Mpwapwa mjini au kule kijijini?" Jibu langu lilikuwa na maneno mawili.

"Soma juu."

Nilisoma juu. Nilisoma kila nilichoandika siku ile, mara tatu. Juu hapakuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika "Mpwapwa" tu. Aliuliza swali la halali kabisa, swali la mtu anayejali mafuta ya gari na muda wa watu, nami nikamfukuza mbele ya wenzake kwa maneno mawili kwa sababu nilikuwa na haraka.

Kuanzia siku ile hadi Desemba hakuuliza tena kitu kwenye grupu lile. Nilihesabu. Sawa thelathini na saba.

Sasa nikaelewa kwamba Jumatano ya Kongwa haikuanza Jumanne usiku. Ilianza Agosti, na mimi ndiye niliyeianzisha. Wale watu hamsini walikaa chini ya mbuyu siku ya kupanda kwa sababu miezi minne nyuma nilimfundisha mtu mzima kwamba mshangao wake hauna kazi ofisini kwangu.

Nilimwambia mume wangu. Akanifariji, akasema watu wote wanaandika "soma juu". Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

## Nimesema nini?

Watu wawili watatu niliowashirikisha walinipa maelezo yale yale: dada, huo ni utamaduni wetu, sisi hatuulizi wakubwa. Niliyakubali kwa siku kadhaa. Yanapunguza maumivu. Kama ni utamaduni, basi si mimi.

Kisha nikamkumbuka mama yangu.

Nimekulia Mpwapwa, nyumba yenye watoto saba, na kila mmoja wetu alitumwa dukani. Mama hakuwahi kukutuma ukaondoka hivi hivi. "Nusu kilo ya sukari, kiberiti, chumvi pakiti moja, na chenji irudi. Haya, nimesema nini?" Unasimama mlangoni, unarudia. Ukisahau chumvi anaanza upya, bila kugomba, kwa sauti ile ile. Hakuwa anakupima akili. Alijua ukirudi bila chumvi ni yeye atakayepika mboga chapwa.

Baada ya kumkumbuka yeye nikaanza kuyaona kila mahali. Fundi cherehani wa Majengo anakupima kiuno, anaitamka namba kwa sauti, msaidizi wake anaitamka tena akiandika. Kwenye daladala unasema "Sabasaba", konda anasema "Sabasaba yupo, shusha", na dereva anawasha taa ya kukata kona. Soko la mahindi Kibaigwa, bei haijafungwa mpaka wote wawili wameitaja. Bibi yangu akitumwa salamu za msiba anazirudia neno kwa neno mbele ya aliyemtuma, hata zikiwa ndefu, kwa sababu kukosea salamu za msiba ni aibu ya ukoo.

Watu hawa ndio sisi. Ndio wale wale wanaoingia ofisini asubuhi wakavaa kitambulisho shingoni na kujibu "sawa". Kwa hiyo siwezi tena kusingizia utamaduni. Nyumbani tunarudia, sokoni tunarudia, barabarani tunarudia. Kuna kitu mlangoni mwa ofisi kinachotuvua desturi hiyo, na nadhani ni woga wa kuonekana hujui. Nyumbani kutojua ni hali ya dakika mbili, unaambiwa tena unaondoka. Ofisini kunakaa kwenye tathmini yako.

Tunasema kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Tunawaambia watoto. Kisha mtu mzima anauliza Mpwapwa ipi, tunamwambia asome juu.

## Chumba cha upasuaji cha Ifakara

Rafiki yangu muuguzi ndiye aliyenielekeza kwenye jambo hili, na nilipolisoma zaidi nilifurahi kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu sehemu yake imetokea hapa hapa nchini.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya mambo 19 katika hospitali nane za miji minane duniani. Kulikuwa na London, Toronto, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila, Amman. Na Ifakara. Hakuna dawa mpya iliyoletwa, wala mashine. Orodha ilitaka watu waseme kwa sauti. Kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, wathibitishe ni nani na anapasuliwa wapi. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, na wataje tena mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, sehemu gani ya mwili. Kabla ya kutoka, muuguzi aseme vifaa na pamba zimehesabiwa zikatimia.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali hizo nane kwa ujumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Nimekaa sana na kile kipengele cha kutaja majina. Mwanzoni nilikiona kama mapambo. Watu wanafanya kazi pamoja kila siku, wanajuana, majina ya nini? Rafiki yangu akanieleza kama anavyoelewa yeye aliye ndani ya kazi. Muuguzi mgeni aliyekwisha kufungua mdomo mara moja, akasikika sauti yake mbele ya daktari bingwa, ni rahisi zaidi kuufungua mara ya pili atakapoona kitu hakiko sawa. Ambaye hajasema lolote tangu kuingia atajishauri. Na huku anajishauri, kisu kinaendelea.

Dereva wangu alijishauri kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka saa nne na robo asubuhi.

## Mimi si mtoto

Kikao cha kwanza cha Januari nikaja na moto. Mwisho wa kikao nikamwomba kila mtu arudie alichokabidhiwa. Nikaanza upande wa kulia, nikazunguka meza. Wakarudia. Nilijisikia nimepata dawa.

Baada ya kikao mhasibu wetu alinifuata ofisini, akafunga mlango nyuma yake. Ni mama mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini, ameona waratibu wakija na kuondoka.

"Mwanangu," akasema, na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo nilijua nimekosea, "mimi si mtoto wa kutumwa dukani."

Sikuwa na jibu. Nilisema "samahani, mama" na akatoka.

Niliacha. Kwa wiki mbili sikumwomba mtu yeyote arudie chochote, na nilikaribia kuamini kwamba jambo zima lilikuwa wazo la mtu mwenye majuto anayetafuta pa kuyaweka. Nilijaribu na njia nyingine, ile ya kupiga marufuku kugawa kazi kwenye WhatsApp. Ilidumu siku nane. Siku ya tisa mimi mwenyewe niliivunja, saa mbili usiku.

Kuhusu usiku hilo nimelishika, angalau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, tisa kwa siku, na hakuna mahali inaposema simu ya mkononi ni ofisi isiyofungwa. Zaidi ya sheria, jibu la mtu aliye kitandani ni jibu la kutaka kulala. Siku hizi nikikumbuka jambo usiku naliandika kwenye daftari.

Kilichonirudisha kwenye kurudia ni yule yule mama. Mwishoni mwa Januari alikuja kunieleza kuhusu marejesho ya masurufu, zile fedha za safari, maana watu walikuwa wanachelewa. Alipomaliza, badala ya kusema sawa, nikamwambia: "Mama, naomba nirudie nione kama nimekuelewa. Mtu akitoka safari anarejesha masurufu na stakabadhi ndani ya siku kumi na nne, na asiporejesha hapewi mengine."

"Siku saba," akasema.

"Si kumi na nne?"

"Saba. Ni saba tangu mwaka juzi."

Mwezi mzima nilikuwa nawaambia wafanyakazi kumi na nne. Waliokuwa wanachelewa walikuwa wananitii mimi.

Tukatazamana. Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile ya mlango, tukaanza kuandika upya pamoja. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekigeuza kichwa chini. Pale Ifakara anayejitambulisha ni pamoja na daktari bingwa. Mimi nilizunguka meza nikiwataka watu kumi na mmoja warudie maneno yangu, wala sikurudia neno la mtu hata mmoja. Kwa mama yangu ilikuwa halali, mimi nilikuwa na miaka minane. Kwenye meza ya watu wazima, anayepaswa kuanza kurudia ni yule ambaye kosa lake linakwenda mbali zaidi.

Kwa hiyo sasa narudia mimi. Mtunza stoo akiniambia mabomba yaliyobaki, narudia idadi. Dereva akiniambia gari linahitaji nini, narudia. Sijamwomba mtu aniige. Wengine wameanza, wengine bado. Mtunza stoo bado ananijibu "sawa", na nimejifunza kumwendea pale pale stoo badala ya kuisoma sawa yake kwenye kioo. Kwenye mihutasari tumeongeza safu mbili, ya jina na ya tarehe. Mfereji wa uani umechimbwa. Aliyeandikwa jina ni mimi.

## Siku ya mnada

Kazi ya mtaro ilikuwa imeahirishwa hadi palizi la kwanza lipungue. Jumatano iliyopita tulirudi kijijini kupanga siku mpya, mimi, fundi na dereva.

Kila nikipita njia ile nakumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 ukaachwa 1951. Wataalamu walizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa muda mfupi mwaka 1946, sehemu kubwa kwa ndege, wakapanga kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, na Kongwa ikawa makao ya mwanzo. Mibuyu ilishindana na matrekta, kiangazi udongo ulikakamaa kama tofali, mvua haikufika kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Zilipotea pauni zipatazo milioni 36. Wakati wote huo walikuwapo Wagogo waliokuwa wanalima mtama na uwele kwenye ardhi ile, na sababu ya kuchagua mtama na uwele ndiyo iliyokuwa jibu la swali lote. Zamani niliisimulia habari hiyo kama habari ya wakoloni. Safari hii niliona haya kuisimulia hivyo.

Tulikaa chini ya mbuyu ule ule. Niliomba radhi kwanza, mbele ya wote, bila kueleza habari za simu na 3:00, kwa sababu hazikuwa na faida kwao. Tukazungumza. Nikapendekeza Jumamosi.

"Sawa, mtaalamu," mwenyekiti akasema.

Wengine wakaitikia, "Sawa."

Niliisikia. Zamani ningefunga daftari.

"Mwenyekiti, na wazee wangu, naomba nirudie tulivyopanga, mnisahihishe. Sisi tunafika Jumamosi saa moja asubuhi, jua likiwa linatoka. Nyinyi mnakuja na majembe na sururu. Fundi anapima njia ya bomba, mtaro unachimbwa mpaka saa sita, bomba linalazwa mchana. Nimepatia?"

Kimya. Mzee yule aliyetuuliza kama tumekula akakohoa kidogo.

"Jumamosi ni mnada."

Watu wakacheka. Jumamosi ya mnada hakuna mtu kijijini, mpaka watoto wanakwenda. Nikawauliza mbona hawakuniambia mapema.

"Ulikuwa umeshapanga," mzee akasema.

Tukahamia Ijumaa, tuanze saa moja na tusimame mapema ili Waislamu wawahi swala ya mchana. Mwenyekiti akairudia mwenyewe, bila kuombwa, mkono wake ukihesabu kwa vidole: Ijumaa, saa moja, majembe, sururu, na maji ya kunywa, ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau.

Jua lilikuwa linashuka tulipotoka. Fundi alilala kiti cha nyuma. Tulipokaribia Mbande kuingia barabara kuu, dereva akapunguza mwendo, akasimama kupisha malori, na bila kunitazama akasema:

"Bosi, narudia. Ijumaa. Natoka kwangu saa kumi usiku, nampitia fundi Ipagala, saa kumi na moja alfajiri tunaondoka ofisini. Alfajiri, si jioni. Mabomba yapakiwe Alhamisi."

"Ndiyo, mzee."

Lori la mwisho likapita. Hakuondoa gari.

"Yapakiwe na nani?"